Majira ya Mwisho ya Magari ya Orbell

Coventry, 9 Septemba 1907

Agnes alipokuwa hai sikuhitaji kuandika. Nilikuwa narudi jioni, navua buti mlangoni, namsimulia siku nzima huku yeye akimenya viazi, na siku inaishia hapo. Tangu nimzike nasimulia ukuta. Nimeona heri nisimulie karatasi.

Mimi ni mjaribu magari katika kiwanda cha Orbell. Gari likitoka mikononi mwa mafundi huwa ni mifupa mitupu: chasi, injini na magurudumu, halina bodi, halina mlango wala kioo. Nafungiwa kasha la mbao liwe kiti, nyuma yanawekwa magunia ya mchanga mahali pa abiria, nalitoa barabarani mpaka nijue lina kasoro gani. Mvua ikinyesha, inaninyeshea mimi. Baadaye linakwenda kwa maseremala na wapaka rangi, na sisi wawili tumeachana. Pengine nakutana nalo njiani limejaa watu na mavazi mazuri, wala silitambui.

Leo zimekuja habari kutoka Wales kwamba gari letu la silinda nne limeshinda mashindano ya kupanda milima. Kazi ilisimama. Jabez Orbell mwenyewe alipanda juu ya benchi la mafundi, koti lake la kola ya manyoya liko wazi, akatangaza kwamba majira haya tutatoa gari la silinda sita, gari la mabwana wakubwa, refu kuliko lolote mjini. Watu mia nne walipiga makofi. Akanitafuta kwa macho katikati ya umati, akasema kwa sauti, "Enoch, unalikumbuka banda?"

Nalikumbuka. Lilikuwa nyuma ya duka lake la baiskeli, mtaa wa Spon, na injini ya kwanza tuliifunga juu ya meza ya jikoni ya mama yake. Tulikuwa wawili tu. Siku ilipowaka, mezani hapakubaki sahani nzima.

Nilitaka jioni hii nimwambie mtu jinsi alivyonitaja mbele ya wote.

12 Septemba

Chasi tatu. Jua. Kenilworth na kurudi.

17 Septemba

Chasi nne. Maagizo yanamiminika tangu ushindi ule. Bi Gilks, mwenye nyumba ninayopanga, amenifokea kwa alama za mafuta kwenye taulo. Akasema, "Bwana Tansley, hivi unaendesha gari au unaoga mafuta yake?" Wapangaji wenzangu wakacheka. Nami nikacheka, nikapanda chumbani.

30 Septemba

Mvua imeanza. Chasi mbili kabla ya chakula, mbili baada yake. Barabara ya Meriden imegeuka uji.

Tuna mkurugenzi mpya, Bwana Verrall wa Birmingham, aliyetajirika kwa kuuza misumari na skrubu. Ana glavu za manjano, na anatembea kiwandani akishika kila kitu kwa ncha ya kidole. Wenzangu wanamwita Msumari. Alisimama karibu na benchi langu akauliza kwa nini hatutengenezi gari dogo ambalo daktari wa kijijini au mwalimu anaweza kulinunua. Orbell alimjibu kwamba jina la Orbell halitabandikwa kwenye toroli. Tulicheka kwa nguvu ili Msumari asikie.

8 Oktoba

Leo nimelitoa la silinda sita kwa mara ya kwanza.

Lango lilifunguliwa, wafanyakazi wakajipanga pande zote mbili wakipiga makofi, na Orbell alikuwa dirishani juu, mkono kifuani. Linaondoka kama hariri. Hadi Stoneleigh sikuwa na la kulaumu. Kisha nikaongeza mwendo kwenye ule unyoofu wa barabara baada ya daraja, na chini yangu kikaanza kitu ambacho sijakikuta katika gari lingine. Si kelele. Ni mtetemo unaotoka ndani ya injini, unapanda miguuni hadi kwenye meno. Nikipunguza, unaisha. Nikiongeza zaidi, unaisha pia. Lakini pale katikati, kwenye mwendo ambao mtu yeyote angependa kuendesha, unarudi.

Nilimweleza Orbell. Akasema ni kasha langu la mbao halikukazwa. Nilikaza kasha, nikarudi barabarani. Mtetemo uleule.

9 Oktoba

La silinda sita. Mtetemo. Mvua.

10 Oktoba

La silinda sita, jingine. Mtetemo. Mvua.

15 Oktoba

Nimemwendea Orbell tena. Zamani nilikuwa naingia ofisini kwake bila kubisha. Sasa kuna karani anayeniuliza shida yangu. Nilisimama mlangoni maji yakinichuruzika zuliani. Orbell aliniambia wahandisi wake wamepiga hesabu na shafti, ule mhimili wa chuma unaozunguka ndani ya injini, ina nguvu ya kutosha, na kwamba maonyesho ya London yanafunguliwa mwezi ujao. Nilimuuliza kama yeye mwenyewe amelipanda. Akasema hana nafasi.

Aliwahi kulala chini ya gari pamoja nami kwenye theluji, tukipokezana spana moja. Leo amesema hana nafasi.

24 Oktoba

Chasi mbili. Ukungu. Kutwa nzima sikusema na mtu ila mlinzi wa lango, naye alisema tu, "Baridi." Nikamwambia, "Baridi."

14 Novemba

Magazeti yanasema lile la silinda sita ndilo lililopendeza kuliko yote London. Kwenye maonyesho magari husimama tu.

28 Novemba

Mvua kutwa. Limetokea nililokuwa naliogopa.

Dokta Amphlett wa Leamington, mmoja wa wateja wa kwanza, alikuwa anapanda kilima cha Edge Hill na mkewe. Shafti ya injini ilikatika katikati ya mwinuko, breki hazikuweza kulishika gari zito lile kwenye matope, likarudi nyuma hadi likapinduka ukingoni. Daktari alitoka salama. Mkewe amevunjika mkono mahali pawili na uso umekatwa na kioo.

Nilitumwa kulileta. Lilikuwa limepakwa rangi ya zambarau, na kwenye nyasi kulikuwa na kofia ya kike na chupa ya chai, haijavunjika. Nilivunja kipande cha kifuniko cha injini nikaitazama shafti. Imekatika kama kijiti kilichopindwa huku na huku mpaka kikachoka.

Nilifunga kamba kwenye farasi wa mkulima, tukalivuta hadi stesheni polepole. Mkulima yule hakuniuliza kitu, na nilimshukuru kwa hilo.

29 Novemba

Kiwandani kumekuwa kimya. Bwana Verrall ameitisha mkutano wa wakurugenzi Jumatatu, nami nimeambiwa niwepo.

1 Desemba, Jumapili

Nilitoka kanisani nikamkuta Orbell jikoni kwa Bi Gilks, koti lake zuri limening'inia kwenye msumari wa aproni. Miaka mitatu hajanitembelea. Mara ya mwisho ilikuwa maziko ya Agnes. Bi Gilks alitutilia chai akatuachia chumba.

Alianza kwa kuzungumza habari za mvua. Kisha akasema, "Kesho Verrall atakuuliza kama gari linatetemeka."

"Nimeambiwa."

"Sema linahitaji marekebisho madogo. Sikuambii udanganye. Wahandisi wataweka shafti nene zaidi, mambo yataisha. Lakini ukisema lingine kesho, watarudisha kila gari, na mimi nitakuwa nimekwisha."

"Jabez, yule mama amevunjika mkono."

"Mkono utaunga."

"Na atakayefuata akivunjika shingo?"

Aligeuza uso wake kuelekea jiko. Amezeeka; sikuwa nimeona, kwa sababu siku hizi namwona kwa mbali. Akasema taratibu, "Mimi nimekutoa wapi, Enoch?"

"Tulitoka pamoja."

Alivaa koti, akasahau kumalizia chai yake. Mlangoni alitaka kunipa mkono, kisha akautia mfukoni.

Naandika haya nikiwa sijaamua. Nasema uongo. Nimekwisha kuamua, ila naogopa. Yule ndiye mtu pekee aliyebaki anayenifahamu tangu ujana.

2 Desemba

Meza ndefu, mabwana kumi na zaidi, moto mkubwa nyuma yao. Nilisimama. Orbell alikaa kwenye kiti cha mwenyekiti akitazama nje ya dirisha.

Bwana Verrall aliniuliza bila kupaza sauti, nami nikajibu: linatetemeka, linatetemeka kila moja, limetetemeka tangu siku ya kwanza, na nilisema hivyo tangu siku ya kwanza. Mmoja wao akasema wajaribu magari ni watu wa kulalamika. Wakacheka kidogo. Verrall hakucheka. Aliniuliza, "Wewe ungempandisha mkeo ndani ya gari hilo?"

"Mke wangu ni marehemu, bwana. Lakini hapana. Nisingempandisha."

Aliona haya, akaniomba radhi, na nadhani aliomba kwa dhati. Nikaambiwa nitoke.

Jioni ikatangazwa: magari yote ya silinda sita yarudishwe, utengenezaji wake usimame, na Bwana Orbell amejiuzulu uenyekiti. Atabaki na jina lake juu ya lango na chumba kimoja cha kuchorea.

Kiwandani wengine walinipiga begani. Wengine walikaa mbali nami wakati wa kula.

3 Desemba

Orbell alinipita uani kama mtu anavyoupita mti.

4 Desemba

Alinipita tena.

11 Desemba

Theluji nyepesi. Hakuna chasi.

Nimefagia karakana ya majaribio, ingawa haikuwa chafu.

16 Desemba

Gari dogo limechorwa, na chasi ya kwanza imefungwa haraka. Asubuhi nilikuwa naweka magunia ya mchanga, akaja Bwana Verrall, akasema niyashushe, yeye ana uzito wa kutosha. Nikadhani anatania. Akapanda, akajishikilia kwenye fremu kwa glavu zake za manjano, tukatoka.

Mvua ya barafu ilitupiga hadi Daventry. Nilimsikia nyuma yangu akipiga chafya, na kwenye mteremko nikamsikia anacheka. Tulipofika alikuwa ameloa hadi kwenye soksi, na rangi ya glavu imemvujia mikononi, ana mikono kama ya mtu aliyemenya manjano mabichi. Akasema, "Ndugu yangu, kwa nini hakuna aliyeniambia kwamba kazi hii ni tamu?"

Nikamwambia huwa haina utamu ukiwa peke yako.

Gari ni zuri. Jepesi, halina makuu, linapanda Meriden bila kulalamika. Lingekuwa limeanza kutengenezwa siku ile alipolitaja, ile siku tuliyomcheka, huenda tungekuwa watu wengine leo. Nilikuwa miongoni mwa waliocheka.

25 Desemba

Bi Gilks alinikatia nyama ya bata bukini, tukala sisi wawili kwa sababu wapangaji wengine wana kwao. Alinisimulia mumewe alivyozama mferejini. Nimekaa nyumba hii karibu miaka miwili, sikuwahi kumuuliza habari za mumewe. Baadaye nilipanda chumbani nikakuta ameweka tofali la moto kitandani, limefungwa kwa flaneli.

7 Januari 1908

Chasi moja, ndogo. Jalidi, barafu nyembamba barabarani.

13 Januari

Hakuna chasi. Tairi hazijaletwa, waliokuwa wakituletea wanataka kulipwa kwanza.

14 Januari

Hakuna.

20 Januari

Hakuna. Nimetembea njia ya Kenilworth kwa miguu, kwa kuwa miguu yangu imezoea kwenda huko. Barabara ni ndefu kuliko nilivyojua.

27 Januari

Benki imekataa kutukopesha zaidi. Bwana Verrall alitukusanya pale pale Orbell alipotangazia ushindi. Hakupanda benchi. Alisema kiwanda kinafungwa Jumamosi, kwamba magari madogo matatu yaliyokamilika ndiyo ya mwisho, na kwamba anaomba kila mtu aandikishe jina na ufundi wake kwake kabla hajaondoka. Hakuna aliyepiga kelele. Mzee mmoja wa upande wa mashine aliketi chini kwenye vumbi la chuma, akakaa hivyo.

Orbell hakuonekana.

6 Februari

Nimemwona Verrall mjini, barabara ya Foleshill, akitoka kiwanda cha washindani wetu, miguu imejaa matope. Anazunguka kila kiwanda mwenyewe akiwaombea watu kazi. Amekwisha kuwapatia nafasi wachomeleaji wote na wapaka rangi wengi. Aliniambia mimi ni mgumu kuwekwa, maana kila kampuni ina wajaribu wake vijana. Akasema, "Lakini sijachoka na wewe."

Nilirudi nyumbani nikijiuliza ni lini tulipoacha kumwita Msumari. Sikumbuki.

19 Februari

Mnada. Dalali aliuza mashine, mabenchi, saa ya ukutani, hata lango lenye jina. Mambo yalikwenda haraka. Wanunuzi walikuwa wakigusagusa mabeleshi ya makaa kwa mguu, mtu hajali ni nani aliyeyatumia.

Chasi moja ya silinda sita, iliyokuwa imebaki kwenye kona chini ya turubai, haikutakiwa na yeyote wa biashara ya magari. Mwishoni ilichukuliwa na mkulima wa upande wa Bromyard, Bwana Preece, mtu mnene mwenye mashavu mekundu. Anataka injini imvutie msumeno wa magogo. Watu walicheka. Alimuuliza dalali nani atampelekea, na Verrall akaninyooshea kidole.

2 Machi

Nilifika uani asubuhi kuichukua. Mvua ilikuwa ya manyunyu. Mahali lango lilipokuwa alisimama Orbell, na koti lake.

Hatukuwa tumesemezana tangu siku ile ya chai. Aliniuliza kama nakwenda Bromyard. Nikasema ndiyo. Akauliza kama kuna nafasi.

"Kuna magunia," nikamwambia.

Alipanda akaketi juu ya mchanga, mgongo wake karibu uguse wangu. Niliendesha polepole, chini ya ule mwendo wa mtetemo. Tukapita Meriden, tukapita vijiji, watoto wakatukimbilia wakituonyesha. Alivyoonekana na kola yake ya manyoya juu ya magunia, sijui. Sikugeuka.

Worcester tulisimama tukanunua pai za nyama, tukazila tumesimama chini ya paa la duka. Makombo yalikuwa yamemjaa ndevuni aliposema, "Nililisikia."

Nikamwangalia.

"Siku ile ya kwanza ulipotoka. Niliweka mkono kwenye kioo cha dirisha, na uliporudi ukipandisha mwendo kuja langoni nikausikia ule mtetemo kwenye kioo. Nilijua kabla hujaja kuniambia."

"Kwa nini hukusema, Jabez?"

"Watu walikuwa wanapiga makofi."

Alikunja karatasi ya pai vizuri sana, akakosa pa kuitupa, akaitia mfukoni. Nilifikiria yule mama wa Leamington, na hasira ikanipanda kuliko wakati wowote, na papo hapo nikaona jinsi alivyojikunyata kwa baridi nikampa skafu yangu. Hayo yote mawili yalikuwepo kwa pamoja. Sijui kuyaeleza vizuri zaidi.

Tulifika kwa Preece jua likiwa limetoka kidogo juu ya mitofaa isiyo na majani. Vijana wake walikuwa wamekwisha kupigilia magogo ya kuifungia chasi ghalani. Tuliinua magurudumu ya nyuma, tukavisha mkanda kutoka gurudumu moja hadi kwenye msumeno, nikaiwasha. Msumeno hautaki mbio. Unataka mwendo wa chini, ule ule siku nzima. Ukaingia kwenye gogo la mwaloni kama kisu kwenye jibini. Ghala lote likanukia mbao mbichi. Preece alivua kofia akapiga paja lake, akaniuliza ni nani aliyetengeneza chombo hiki.

Nikamwonyesha. "Huyu hapa."

Preece alimpa mkono wake mkubwa, wala hakulifahamu jina lake. Akamuuliza mkanda ukilegea atafanya nini, na maji ya kupozea aongeze lini. Orbell alianza kueleza amesimama. Kisha akavua koti, akalitundika kwenye jino la reki, akapiga magoti kwenye unga wa mbao, akamwita mkulima ainame amwonyeshe. Mke wa Preece aliniambia wana kitanda cha ziada, na mzee anaweza kubaki siku mbili tatu mpaka wazoee.

Nilisema ninaondoka, treni yangu ni ya mwisho. Msumeno ulikuwa unapiga kelele. Orbell aliinua spana bila kugeuka, nami nikainua mkono, ingawa hakuwa ananiona.

Nilitembea hadi stesheni kwa njia ya mashambani. Hakukuwa na injini mbele yangu wala mchanga nyuma yangu, na nilisikia maji kwenye mifereji, kitu ambacho kazi yangu haijawahi kuniruhusu kukisikia. Behewa lilikuwa limejaa watu waliotoka sokoni. Nikapata nafasi kati ya mwanamke mwenye kuku kapuni na mzee aliyesinzia, na njia nzima hadi Birmingham kichwa chake kilikuwa kimeniegemea begani. Sikumwamsha.